Picha za Mgongo

Simu ya Gloria ilinikuta kwenye chumba changu cha kushonea, Midrand, nimeshika mkasi juu ya kitambaa cha bibi harusi ambaye alishabadili mawazo mara tatu kuhusu shingo. Gloria ni binti wa Mapendo. Ana miaka kumi na sita, amezaliwa hapa Johannesburg, Kiswahili anakielewa chote ila mdomoni kinamtoka vipande vipande. "Anti Edina," alisema, "Mama ame-pass. Juzi." Niliweka mkasi chini nikamwambia pole. Akaongeza, "Anko Bahati anasema lazima uje. Kuna nguo utavaa." Bahati ni mdogo wake Mapendo, yuko kwao Uvira, Kongo, na hajawahi kuzungumza nami hata mara moja. Sikuuliza nguo gani. Niliishona mwenyewe mwaka 2017, katika chumba cha mtaa wa La Rochelle, hapa Johannesburg, ambacho mimi na Mapendo tuligawana kwa pazia. Bibi harusi alipokuja mchana kuulizia shingo yake nilimwambia arudi wiki ijayo, na alipofoka nilimfokea zaidi.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitano, wapangaji wasiohesabika, jiko moja na bafu lenye mlango usiofunga. Chumba chetu kilikuwa cha mbele, kile ambacho wenye nyumba wa zamani walikifanya sebule, na bado kilikuwa na sehemu ya kuwashia moto iliyozibwa kwa matofali. Upande wa dirisha tulikaa mimi na cherehani yangu. Upande wa pili alilala Mapendo na Gloria, aliyekuwa na miaka minane. Mapendo alisuka nywele kwenye saluni moja ya Rosettenville, akarudi jioni vidole vimevimba, na bado angeingia jikoni. Sombe yake, kisamvu cha kwao, niliinusa kabla sijafungua geti. Aliitwanga mwenyewe kwenye kinu kilichosafiri kwa basi kutoka kwao, akatia mawese na samaki mkavu, na alikuwa na tabia ya kunipakulia mimi kwanza, kabla ya mwanawe. Nilikula, nikashukuru, na huku nikitafuna nilikuwa namchukia kidogo. Nasema kidogo kwa sababu ndivyo nilivyojipimia wakati ule.

Nilimchukia kwa sababu ya sauti yake. Kanisa letu lilikuwa kwenye jengo lililowahi kuwa duka la fanicha, na Mapendo ndiye aliyesimama mbele ya kwaya. Mimi niliimba sauti ya pili, mstari wa nyuma, jirani na spika iliyonimeza mzimamzima. Akifungua kinywa, hata wale waliokuja kanisani kwa ajili ya chai walikaa sawa. Mimi nilijulikana kama rafiki ya Mapendo. Jumapili moja nikiwa naosha vikombe niliwasikia wanawake wawili wa kwaya upande wa pili wa ukuta wa mbao. "Na Edina naye anaimbaka?" mmoja aliuliza. "Anafunguaka kinywa," mwenzake akajibu, wakacheka mpaka wakakohoa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilirudi chumbani nikashona zipu ya mteja vibaya kwa makusudi, halafu nikaifumua.

Mwaliko ulikuja mwanzoni mwa mwaka. Kanisa dogo la Wakongo walioishi Coventry, Uingereza, lilikuwa limesikia rekodi ya kwaya yetu kwenye simu za ndugu zao, likatuita kwa siku kumi mwezi wa Julai. Waliisikia sauti ya Mapendo, tusidanganyane. Lakini Mapendo alikuwa na karatasi ya mwomba hifadhi, ile ambayo kila baada ya miezi alikwenda Pretoria alfajiri kupanga foleni iongezwe muda, na karatasi hiyo haivuki mpaka wowote. Mimi Mtanzania wa Kigoma nilikuwa na pasipoti na kibali cha kazi. Wakapata viza watu saba, wote wa mistari ya nyuma na mpiga kinanda, kaka mmoja mpole aitwaye Elie. Mchungaji aliposoma majina, Mapendo alipiga vigelegele kuliko wote. Nilimtazama nikasema moyoni, leo na wewe utabaki.

Tatizo lilikuwa mama yake. Yule mama alikuwa Uvira, miguu imevimba, moyo umechoka, hatoki tena nje ya uzio. Mapendo alimwambia kuhusu safari mapema mno, siku mwaliko ulipofika, na mama aliwatangazia majirani, wakamfanyia binti yake maombi ya safari, na kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja akamtumia kitenge cha kuvaa huko: cha manjano, chenye ndege weusi. Jioni moja, wiki mbili kabla hatujaondoka, Mapendo alikaa kwenye kitanda changu na kitenge hicho mapajani.

"Edina, dada yangu, sikia. Mama alishaambia watu wote wa kartie, mutaa muzima. Sasa nitamwambia nini? Niseme karatasi ilikataa? Atakufa na haya."

"Unataka nifanye nini?"

"Utashona hii nguo. Vipimo vyangu, vipimo vyako, kwa mugongo ni kimoja, we fundi unajua. Utavaa. Kila fasi munaenda kutembea, Elie atakupiga picha, lakini kwa mugongo tu. Unamutumia Bahati na namba ya kule Bulaya. Mama atasema ni mimi."

Nilicheka. Ilikuwa kweli, nilivipima mara nyingi: bega kwa bega, kutoka shingoni hadi kiunoni, Mapendo na mimi tulikuwa mwili mmoja ukitutazama kwa nyuma. Kwa mbele yeye ndiye aliyeumbwa, mimi nilikamilishwa tu. Kisha akaacha kucheka na kunishika mkono. "Lakini sura yako asiione. Kwetu, nguo ya mutu haivaliwe na rafiki yake mbele ya mama, mpaka mwenyewe akufe. Siku ya kuanza kilio, rafiki ndiye anavaa, anasimama mbele ya mama, mama anamuangalia kwa sura, basi, anajua kama imekwisha. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Usiku ule ule alijifunika blanketi na simu yangu akarekodi sauti mbili: moja ya ngome, moja ya soko, maana ratiba ya matembezi tulishatumiwa. "Mama, nimefika, huku bariridi hakuna, jua linawaka hata saa tatu ya magaribi." Alikuwa amemuuliza Elie kuhusu jua. Na kwa kuwa mama hakutakiwa kumpata kwenye namba ya Afrika Kusini, aliitoa laini yake kwenye simu siku tulipoondoka, akaiweka ndani ya kopo la chumvi.

Ngome ya kwanza ilikuwa Kenilworth, na nitakiri nilivunjika moyo, kwa sababu ilikuwa imebomoka. Kuta nyekundu ndefu, madirisha bila paa, nyasi zilizonyolewa vizuri kuliko nywele zetu. Mama Sifa, mwenyeji wetu, mwanamke mnene wa Bukavu aliyejua Uingereza yote kwa mabasi yake, alilipa viingilio huku akinung'unika. "Kwetu majumba yamebomolewa na vita mpaka yamejaa, hakuna mutu analipa kuyaangalia," alisema, na mlinda lango aliyekuwa haelewi neno akamtabasamia. Nilivaa gauni la manjano. Nilisimama mbele ya ukuta, nikageuza mgongo, Elie akapiga. Nikatuma pamoja na sauti ya kwanza, niliyoicheza kwenye simu moja nikairekodi kwenye nyingine. Bahati alijibu haraka. Alisema mama amebusu simu, na kwamba majirani wameitana. Nilijisikia vizuri siku ile, siwezi kukataa. Nilijisikia mtu mwenye kazi ya maana.

Siku ya nne tulikwenda soko la mtaani, Birmingham. Pale nilipumua. Kulikuwa na mihogo, bamia, samaki wa chumvi, matunda yamepangwa kwenye mabakuli, na mzee mmoja wa Kiingereza aliyenadi nyanya kwa sauti iliyokwaruza, akimwita kila mwanamke mpenzi wake. Mama Sifa alimshika kola. "Mpenzi gani, na nyanya zako zimeoza?" alimwambia kwa Kiswahili, na mzee akamwongezea mbili. Nilinunua nyuzi za mkono za kushonea pindo na tulikula viazi vilivyomwagiwa siki tukiwa tumesimama, karatasi imelowa mikononi. Elie akasema tugeuke. Nikageuka. Wazungu wawili wakapita, mmoja akaniuliza mbona napigwa picha kwa nyuma na uso ninao. Elie akatafsiri kwa wenzetu, wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka, nikaituma picha pamoja na sauti ya pili, lakini swali lile lilibaki nami kwenye basi mpaka Coventry.

Onyesho letu lilikuwa Jumamosi. Ukumbi ulijaa Wakongo waliovaa wakapendeza, na mimi ndiye niliyepewa wimbo wa Mapendo, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyeyajua maneno yote. Niliimba. Sikukosea hata neno moja. Watu walipiga makofi ya adabu, yale unayopigia mtoto wa mwenye nyumba. Baadaye, tukila wali na maharage kwenye sahani za karatasi, Mama Sifa alinijia, akanipangusa jasho kwa leso yake mwenyewe, akasema mbele za watu: "Mulijaribu. Kweli mulijaribu. Sasa ile mwenye sauti, aliletwa kwa nini kwa simu tu?" Wakacheka tena. Nilikula sahani yangu yote, nikala na ya Elie, na sikulala vizuri.

Kesho yake ndiyo ngome ya Warwick. Ile haijabomoka. Ina minara, ina kitanda cha mabibi wa zamani kimefungiwa kamba ili usikiguse, ina tausi wanaotembea bustanini wakilia vibaya. Ninakumbuka nilisimama ndani ya chumba cha kulia nikaangalia meza ndefu imepangwa visu na glasi kwa ajili ya watu waliokufa miaka mingi, na nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Nje, mbele ya mnara, Elie akasema, "Haya dada, mgongo." Nikatoa mgongo. Akapiga. Halafu nikageuka. Nikarekebisha kola, nikamwambia piga na hii. Nikacheka na kamera, meno yote nje. Elie aliuliza, "Hii ni yako mwenyewe, siyo?" Nikamwambia ndiyo, ni yangu.

Niliituma Uvira kwenye basi, saa tisa alasiri. Ile ya mgongo sikuituma. Bila maneno, bila sauti, uso wangu tu ndani ya gauni la Mapendo. Bahati akauliza, "Wewe ni nani?" Kisha, "Dada yangu yuko wapi?" Kisha akaanza kupiga, na akapiga tena, na simu ilitetemeka mapajani mwangu mpaka nilipoizima. Uwanja wa ndege nikaitoa ile laini nikaitupa kwenye pipa pamoja na ganda la ndizi.

Kwa miaka yote nimesema nilisahau. Nilimwambia Mapendo nilisahau, nilimwambia mchungaji, nilimwambia hata Elie, aliyeipiga picha ile. Nilisema nilichanganya picha, nilikuwa nimechoka, simu ilikuwa ya kigeni. Sikusahau. Nilipobonyeza nilimkumbuka Mapendo kwenye kitanda changu, mkono wake juu ya mkono wangu, na maneno yake moja moja. Nilidhani tu kwamba mama atakasirika, atamgombeza binti yake kwa uongo, na Mapendo ataonja kidogo kuonekana mdogo. Lakini nilijua picha ile inasema nini kwa mtu wa kwao, na nilituma nikijua. Ninaiandika hapa kwa sababu aliyestahili kuambiwa hayupo tena.

Tuliporudi, La Rochelle ilikuwa baridi kali, na chumbani kulinukia sombe. Mapendo alikuwa amepika sufuria nzima. Alinikumbatia, akaniuliza juu ya ngome, juu ya tausi, akataka kuona picha kwenye simu yangu, nikasema betri imekufa. Akatoa laini yake ndani ya kopo, akaipangusa chumvi kwa pindo la khanga, akaiweka. Ujumbe uliingia mfululizo. Akasoma wa kwanza akicheka, kwa sababu ulikuwa unampa Gloria pole. Ulifuata mwingine unaomuuliza shemeji yeyote anayesoma simu hii mwili utasafirishwa lini. Uvira walikuwa wamelia siku tatu. Mama alishushwa sakafuni, amekataa chakula na dawa. Mapendo akapiga, na mimi nikiwa nimesimama pale na koti langu la safari nilisikia kila kitu, kwa sababu aliweka sauti kubwa.

"Mama, ni mimi. Mama, niko mzima."

Ilisikika pumzi tu, na wanawake wakilia kwa nyuma. Kisha sauti ya mama, ndogo, yenye adabu: "Weye mwanamuke, Mungu akubariki. Lakini sauti ya mutoto wangu walishaifunga ndani ya simu. Waliituma mbili. Niliona rafiki yake kwa macho yangu, alisimama, akaniangalia."

Mapendo akaimba. Alisimama katikati ya chumba, simu mbele ya kinywa chake, akauimba ule wimbo wake wa mbele mpaka wapangaji wakafungua milango. Sijawahi kuusikia vile. Alipomaliza, mama yake alisema, "Ile ni kaseti. Musinitese," na Bahati akakata simu. Bahati alikuja kuamini baadaye; mama hakufika mwisho wa Agosti. Alikufa akijua binti yake amemtangulia, na kwa sababu ya karatasi ile ile Mapendo hakwenda kuzika.

Hakunipiga, hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliniuliza mara moja tu, "Ulisahau?" Nikasema nilisahau. Akatikisa kichwa, akageukia sufuria yake, na tangu hapo mpaka nilipohama Desemba sikuuona tena uso wake. Alinipakulia chakula, akakiweka mezani akiwa ameniachia mgongo. Alijibu salamu akiangalia matofali ya mahali pa moto. Gauni la manjano nililifua, nikalipiga pasi, nikaliacha kitandani kwake, likapotea machoni. Kwenye kwaya akaomba kukaa mstari wa nyuma, jirani na spika. Mchungaji akanipa mimi nafasi ya mbele, nami, Mungu anione, niliichukua.

Juzi nilirudi kwenye chumba kile. Pazia halipo, ila kinu kipo. Wanawake wa kanisa walikuwa jikoni, wakavuta mlango nilipopita. Gloria alifungua sanduku akatoa gauni likiwa limekunjwa kwa mkunjo wangu uleule, na nikaona ana mabega ya mama yake.

"Anko Bahati na watu wa kule hawajaanza kulia," alisema. "Nimewaambia. Nimemtumia karatasi ya hospitali. Anasema karatasi inaweza ni ya mtu yeyote, na sauti ya simu hawaamini tena, since mambo ya Bibi. Anataka wewe, na nguo, na uso."

Nilivaa. Mwili wangu si ule wa 2017. Zipu iligoma katikati, nikaanza kueleza kwamba kuna akiba ya mshono ubavuni, anipe dakika kumi na wembe nitaifungua. Gloria alichukua pini mbili kutoka kwenye mto wa pini niliokuja nao, akalikamata gauni kwa nyuma, likaachia wazi kutoka mabegani hadi kiunoni. "Ni sharp, Anti, iko sawa," alisema. "Mgongo hauonekani."

Akanisimamisha mbele ya matofali. Aliinua simu, akaishusha.

"Anti, ile ya kwanza ulicheka. Anko aliniambia. Hii usicheke."

Sikucheka. Alipiga moja tu, akaituma. Jibu lilifika kabla hajanitoa pini, akanisomea kwa sauti, polepole, kwa sababu Kiswahili cha kusoma kinampa shida: "Tumemuona. Sasa tunaanza kulia."